Stempu za Kale: Shika Kioo, Utazame Tena

Ipo stempu ya Unguja ya mwaka 1895 iliyochapwa neno "Zanzidar". Ipo nyingine ya toleo hilohilo iliyochapwa "Zanibar", herufi moja haipo kabisa. Novemba ya mwaka ule posta ya Unguja ilikuwa inatoka chini ya posta ya India, na stempu zenye sura ya Sultani zilikuwa bado hazijatengenezwa. Zikachukuliwa stempu za India zenye sura ya Malkia Victoria, zikapelekwa kwenye mtambo wa gazeti la Zanzibar Gazette, zikapigwa jina la nchi juu ya sura ya malkia. Mpanga herufi alikuwa akiokota vipande vya herufi kimoja kimoja kwa mkono. Mahali pa b ikaingia d, na kazi ikaendelea. Makarani wakauza, wateja wakabandika, barua zikavuka bahari, na waliosoma neno lile waliona "Zanzibar" kwa sababu ndilo walilotegemea kuliona.

Akatokea mtu akasoma herufi kwa herufi. Tangu siku hiyo stempu hizo zina ukurasa wao katika katalogi, na watu huzitafuta kwa fedha nyingi.

Nazungumza na wewe uliyerithi bati la biskuti lenye stempu za babu, na wewe uliyekuta furushi la barua kuukuu chini ya kitanda cha bibi huko Tanga, Lamu, Ng'ambo au Jinja. Nazungumza pia na wewe kijana usiye na hata stempu moja, unayedhani kukusanya stempu ni kazi ya wazee wa Ulaya wenye suti na miwani. Vitabu vingi vya stempu zetu vimeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, na minada mikubwa iko kulekule. Lakini nusu ya elimu ya kazi hii unayo tayari, nawe hujaitumia.

Chukua muhuri wa posta uliofifia, ukabaki unasomeka "NGANI" tu. Mkusanyaji wa Hamburg atafungua ramani. Wewe unajua ni Pangani kabla hujamaliza kuusoma. Muhuri wa Kijerumani ukisema Wilhelmstal, mwenyeji wa Usambara anajua ni Lushoto. Neu-Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Masultani unawajua kwa majina na kwa zamu zao, sarafu za zamani umezisikia kwa wazee, jahazi na kamba zake umeziona kwa macho yako. Mgeni hutumia miaka kujifunza hayo. Kilichobaki kwako ni ufundi wa kutazama, na ufundi huo unajifunzika mezani kwako.

Anza na fedha, maana fedha huitaja tarehe. Stempu ya Zanzibar inayohesabu kwa anna ni ya kabla ya 1908. Ikihesabu kwa senti na rupia, ni ya kuanzia 1908. Kuanzia 1936 Unguja iliingia kwenye shilingi, na stempu zikafuata. Kwa upande wa bara, Wajerumani walianza na pesa, 64 kwa rupia moja, kisha mwaka 1905 wakahamia heller, 100 kwa rupia. Kwa hiyo ile stempu ya merikebu ya Kaiser, Hohenzollern, ikiandikwa "Pesa" ni ya kwanza, ikiandikwa "Heller" imekuja baadaye. Bado hujagusa kifaa chochote, na tayari umepanga nusu ya bati kwa miaka.

Sasa igeuze. Karatasi ya stempu nyingi ina alama ndani yake, iliyotiwa wakati karatasi inatengenezwa, na huonekana ukiinyanyua mbele ya mwanga au ukiilaza kifudifudi kwenye kisahani cheusi. Stempu za kwanza za Sultani Hamed bin Thuwaini zina alama ya ua. Merikebu za kwanza za Kijerumani hazina alama, na zile zilizochapwa tena baadaye zina vijialmasi. Stempu za Sultani Khalifa bin Harub za miaka ya 1910 na 1920 ndizo zitakazokufundisha vizuri zaidi: sura ileile, kilemba kilekile, lakini za awali zina taji na herufi CA za kawaida, na za kuanzia 1921 zina CA za mwandiko wa kuunganisha. Ukiziangalia kwa mbele unaona ndugu wawili pacha. Kwa nyuma kila mmoja ana cheti chake cha kuzaliwa.

Alama ikigoma kuonekana, wakusanyaji hudondoshea benzini safi kidogo nyuma ya stempu, nayo hujitokeza kwa sekunde chache kabla haijakauka. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, mbali kabisa na moto, na kwanza ijaribu kwenye stempu usiyoijali, kwa sababu wino mwingine huyeyuka. Usitumie maji kwa kubahatisha. Wino mwingi wa stempu za himaya ya Kiingereza ulitengenezwa makusudi uchuje ukilowa, ili mtu asifute muhuri na kuitumia stempu mara ya pili.

Kisha hesabu meno. Kipimo chake ni idadi ya matundu katika sentimita 2, na rula ya shule inatosha kukuanzisha. Paundi moja ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye simba na sura ya Mfalme George wa Sita ilitoka ikiwa na meno ya aina tatu: ya 1938 ina 11¾ kwa 13, ya 1941 ina 14, na ya 1954 ina 12½. Picha haikubadilika. Katikati hapo kulikuwa na vita. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliangukia London na kuharibu kiwanda cha De La Rue, wachapaji wa stempu hizi. Mtu anayehesabu meno ya simba yule anashika mkononi alama za vita ile, na wenzake wote waliokuwa na stempu hiyo hawakuwahi kuhesabu. Kwa nini usiwe wewe unayehesabu?

Chukua pia senti 5 ya mwaka 1935, nyeusi na kijani, jahazi likisafiri kwenye Ziwa Viktoria na Mfalme George wa Tano akiwa juu. Weka kioo kinachokuza mara kumi. Fuata kamba ya upande wa kushoto, ipande taratibu hadi kwenye tanga. Katika stempu nyingine kamba inaligusa tanga. Katika nyingine inakoma hewani, pengo jembamba kuliko unywele. Hapo pana aina mbili za stempu, na zote mbili zimeandikwa katika katalogi. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba kamba isiyofika tangani ina walakini, jicho lake linakwenda hapo lenyewe. Kaa nayo. Tazama kumi, tazama ishirini, zipange mafungu mawili mezani. Mwanzoni utachoka na macho yatauma, na utadhani huoni kitu. Endelea. Itafika jioni utaitambua kabla hujakiweka kioo sawasawa, na furaha ya jioni hiyo ni ya kwako, hakuna duka linaloiuza.

Na usidhani mambo haya ni ya enzi za wafalme tu. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Posta ilikuwa imejaa stempu zenye sura ya Sultani ambaye hakuwapo tena madarakani. Wakachonga mihuri, wakazigonga stempu hizo kwa mkono: JAMHURI 1964. Wiki chache baadaye zikaja nyingine zenye maneno yaleyale, safari hii yamechapwa kwa mtambo Uingereza. Za mtambo zina maneno yaliyokaa mahali pamoja, kingo kali, wino sawasawa. Za mkono kila moja ina yake: hii imepinda, hii wino umejaa, hii umekauka, hii imegongwa mara mbili, hii maneno yako miguu juu. Mkono ulichoka, mkono uliharakisha, mkono ulikuwa na kazi nyingi mno siku zile. Familia nyingi za Unguja na Pemba, na za Waswahili wa Oman, zinazo barua za mwaka ule. Ni nani atakayezipanga kwa akili kama si mtoto wa familia hizo?

Lakini uwe mkali. Palipo na thamani pana waghushi, nao wako siku zote. Stempu za Kijerumani zilizogongwa "Mafia" baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho Januari 1915 zimeghushiwa sana, kwa sababu muhuri wa raba ni rahisi kuchonga. Neno "Zanzibar" juu ya stempu za India ni vivyo hivyo: stempu ya India yenyewe ni rahisi kuipata, anayeghushi anaongeza neno tu. Dawa iko kwenye mpangilio wa wino. Katika stempu halali neno lilipigwa kwanza, muhuri wa posta ukafuata siku barua ilipotumwa. Weka kioo mahali viwili hivyo vinapokutana. Ukikuta neno limelala juu ya muhuri, maana yake limeongezwa baada ya stempu kutumika, na hapo umeikamata bandia. Angalia pia muhuri unasema nini: mji gani, tarehe gani. Stempu iliyotolewa Novemba 1895 haiwezi kuwa na muhuri wa 1893. Kila unapotilia shaka, ilinganishe na stempu unayoiamini, na ukiwa karibu kutoa fedha nyingi dai cheti cha wataalamu. Kutilia shaka ni heshima kwa kazi hii, na ni kinga ya mfuko wako.

Baadhi ya stempu zinazotafutwa sana katika ukanda huu hazikutoka kwenye kiwanda cha fahari. Mwaka 1895, Mengo, mmisionari Ernest Millar alizipiga stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta, kwenye karatasi nyembamba, thamani yake ikihesabiwa kwa kauri. Na humo mna aina kadhaa. Mwanzoni stempu zilikuwa pana, kisha akazibana ili nyingi zaidi zienee kwenye karatasi moja. Ikaja taipureta nyingine yenye herufi nyembamba. Baadaye utepe mweusi ukaachia nafasi utepe wa zambarau. Anayezipanga leo anafuata hatua za mtu mmoja mezani kwake, mashine kwa mashine, utepe kwa utepe. Au nenda Vuga, milimani Usambara: mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezibiwa njia ya bahari na stempu zinaisha, mtambo wa misheni ulichapa stempu za dharura. Kisha meli iliyovunja kizuizi ikaleta stempu kutoka Ujerumani, zile za Vuga zikakosa kazi, zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa Waingereza. Zilifukuliwa baada ya vita, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Mtambo wa Vuga ulikuja kuchapa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa na babu zetu.

Kwa hiyo amka. Tafuta kioo cha kukuza, kibano kisicho na ncha kali, rula, na daftari. Stempu uishike kwa kibano, mafuta ya vidole huila karatasi na gundi. Ihifadhi pakavu, mbali na jua la dirishani linalobadilisha rangi na kukudanganya kwamba umegundua aina mpya. Chagua uwanja mdogo na uujue hadi mwisho: jahazi la senti 5 peke yake, au JAMHURI peke yake, au mihuri ya wilaya ulikozaliwa. Ajuaye stempu moja kwa undani ana nguvu kuliko mwenye albamu kumi asizozifahamu. Andika unachokiona, hata usichokielewa: idadi ya meno, alama ya karatasi, muhuri, mahali ulipoipata. Onyesha wenzako. Bishaneni. Katalogi unayoiogopa leo iliandikwa na watu waliobishana hivyohivyo, na bado inaongezwa kila mtu mpya anapoona jambo ambalo wa kwanza walilipita.

Na ukifika kwa bibi leo au kesho, muombe zile barua kwa adabu, ukae naye, umuulize ziliandikwa na nani na zilitoka wapi. Mkasi uache nyumbani. Stempu iliyokatwa kwenye bahasha hupoteza muhuri kamili, njia iliyopita, tarehe ya kufika na jina la aliyeandikiwa, na hayo hayarudishwi na gundi yoyote. Chukua bahasha nzima kama ilivyo, iweke bapa kati ya karatasi safi, na kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba ni ya kawaida, soma jina la nchi herufi kwa herufi.