Nafasi Nne Tupu

Je, mtu aliyenunua gari kwa jasho lake ana deni lolote kwa yule anayekwenda kazini kwa miguu? Zamani ningejibu upesi kwamba hana. Siku hizi nasitasita.

Naishi Mkolani, kando ya barabara iendayo Shinyanga. Kutoka hapa hadi mjini Mwanza ni kilomita 10 na ushei, kwa kupita Nyegezi, Butimba na Mkuyuni. Kwa miaka mingi niliikata safari hiyo kwa baiskeli ya Phoenix, na siku za mvua kwa daladala, tumebanana kama dagaa. Hatimaye nilinunua gari. Kusema kweli, sikulinunua kwa kuwa miguu ilichoka. Nilichoka kuingia langoni nikisukuma baiskeli, huku mlinzi akiniuliza nimekuja kumwona nani.

Asubuhi moja ya mvua nilipita kituoni peke yangu, nafasi nne za gari zikiwa tupu. Majirani walikuwa wamejikunyata wakisubiri usafiri. Mbele kidogo gurudumu likaingia dimbwini, na tope likamrukia mwendesha baiskeli. Nikasimama. Kumbe ni jirani yangu, fundi seremala, ndiye aliyetengeneza milango ya nyumba yangu. Nikamwomba radhi. Akajifuta uso, akasema, "Usijali mzee, barabara ni yenu."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana neno lile limenikaa moyoni.

Barabara ni ya nani hasa? Imejengwa kwa kodi, na kodi hulipwa hata na anunuaye soda au mfuko wa saruji. Basi fundi yule ana hisa yake. Hata hivyo kipanya kimoja hubeba watu 15 na zaidi, na watu hao wakipanda kila mmoja gari lake hujaza barabara nzima. Moshi wetu sisi tunaufungia vioo. Yeye ndiye anayeuvuta. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Rafiki yangu mmoja hupinga. Husema baiskeli ni alama ya umaskini, nasi tumehangaika kuukimbia. Simbezi. Anayetembea kwa kukosa nauli hahitaji mahubiri juu ya kutunza mazingira. Anayatunza tayari, na malipo yake ni vumbi na hatari. Mahubiri yatufaa sisi wenye magari. Nchini Uholanzi watu wenye magari huenda kazini kwa baiskeli bila haya, kwa sababu tangu miaka ya 1970 wazazi waliandamana kupinga vifo vya watoto barabarani, na njia salama zikajengwa. Hata kwetu, mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, kando ya Barabara ya Morogoro zilitengwa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Watu hufuata njia waliyotengenezewa.

Waajiri nao wana sehemu yao. Ofisini kwetu magari ya wakubwa yalikuwa na kivuli. Nilipoomba banda la baiskeli na mahali pa kunawa, nilijibiwa kwa kicheko. Hapo nikaelewa kwamba heshima imegawanywa kabla hata kazi haijaanza.

Sikuuza gari langu. Sitaki kujifanya mtakatifu. Ila siku mbili za juma naliacha nyumbani, na siku nyingine haliondoki Mkolani na nafasi tupu. Gharama ni dakika chache za kusubiriana, na hasara ya ule ukimya niliouzoea.

Fundi bado simbebi, kwani baiskeli yake haiingii garini. Nikimkuta njiani napunguza mwendo na kumwachia nafasi. Ndugu msomaji, hilo si hisani. Namrudishia iliyo haki yake.