Furaha ya Mgeni Usiku wa Sikukuu

Twauliza neno moja: Je, mtu aliye ugenini aweza kuifurahia kweli sikukuu ya wenyeji, au hutazama tu furaha yao? Na tuutazame mji wa Bethlehemu.

Mji ule huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana mara tatu: Wakatoliki na Walutheri hukesha tarehe 24 Desemba, Waorthodoksi 6 Januari, Waarmenia 18 Januari. Tarehe 24 Desemba vijana wa skauti hupita kwa ngoma na zumari, na usiku watu hujaa katika Uwanja wa Hori. Wenyeji, Wakristo kwa Waislamu, husimama pamoja na mahujaji, na wageni wakaao huko kwa kazi.

Wako wasemao: Mkristo na akae kanisani, uwanjani mna kelele. Sisi hatusemi hivyo, maana habari ile ya kwanza ilitangazwa nje kondeni, usiku, kwa wachungaji wa kondoo. Uwanja haudhuru. Lidhurulo ni kusimama bega kwa bega na mtu pasipo kuwa jirani yake.

Wazee wetu husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe si tusi, bali ni heshima, maana lamtia mgeni katika taabu za nyumba. Lakini mgeni wa usiku mmoja hula, huimba, akaenda zake kabla ya siku ya tatu.

Mwaka 2023, kwa sababu ya vita vya Gaza, wakuu wa makanisa waliziacha shangwe za nje, zikabaki ibada. Katika Kanisa la Kilutheri la Krismasi, lililojengwa karne ya 19, sanamu ya Mtoto Yesu ililazwa katika vifusi. Ndipo jibu lilipoonekana. Aliyewakumbuka wenyeji katika giza lile, ijapokuwa alikuwa mbali, alikuwa ndani ya sikukuu yao kuliko yule aliyepiga makofi uwanjani mwaka mwingine, kisha akawasahau. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Warumi, hakuitenga furaha na kilio, aliviagiza pamoja.

Basi, walimu na wazee wa kanisa, sharika zetu nazo zina wageni waliohamishwa kwa kazi, walio mbali na kwao. Siku ya sikukuu tusiwape kiti na chakula tu. Tuwape na jembe, tuwaambie misiba yetu na kuwauliza yao. Nasi tukialikwa ugenini, tusiage kabla ya kujiuliza: Siku nyumba hii itakapolia, sisi tutakuwa wapi?