Damu Si Yangu Peke Yangu

Shangazi yangu alizikwa akiwa na miaka 41. Nyanya, mamake, saratani hiyohiyo ya titi ilimmaliza kabla sijazaliwa, ila nyumbani tuliambiwa tu "alikuwa na shida ya kifua". Matangani watu walinong'ona ati boma letu lina laana. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo ikaenda kwa matibabu ya shangazi. Nikabaki na muda mwingi wa kusoma.

Nilichosoma ni hiki. Kila mtu ana jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, nakala moja kutoka kwa mama, nyingine kwa baba. Kazi yake ni ufundi: DNA ikikatika ndani ya seli, zinasaidia kuiunga. Ukirithi nakala mbovu, ile nzima inabeba kazi peke yake. Siku nayo ikiharibika katika seli moja ya titi, makosa yanarundikana bila fundi, mpaka seli inaanza kugawanyika bila breki. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Za kurithi ni kama 5 hadi 10 tu kwa kila 100. Lakini mwanamke mwenye nakala mbovu, uwezekano wake wa kuugua kabla ya kufika miaka 80 ni takriban 70 kwa 100.

Basi si nipimwe tu? Mwili ni wangu. Kisha nikamfikiria baba. Wanaume pia huibeba, na huipokeza nusu kwa nusu kwa kila mtoto. Ikipatikana kwangu, kwa historia yetu karibu ni hakika imepitia kwake. Jibu langu litakuwa jibu lake, na yeye hajauliza. Mzee aliyemzika mama na dada, nimwongezee hilo?

Lakini nina mdogo wangu wa miaka 19. Nikinyamaza ili nimlinde baba, gharama anaibeba yeye. Shangazi naye angeambiwa ukweli kuhusu nyanya, pengine angeanza kukaguliwa mapema. Heshima yetu ilimnyima nafasi hiyo.

Kurithisha usichokijua si kosa. Baba hana hatia, na nyanya pia. Lawama huanza pale mtu anapojua akakaa kimya, na sasa mimi najua.

Jumapili naenda nyumbani. Sitapimwa kabla ya kuongea na mzee. Nitaanza kwa kumwambia kwamba hakuna laana, na hakuna aliyekosa. Akikataa kusikia, nitapimwa bado, kwa ajili ya mdogo wangu. Hilo bado linaniuma.