Kicheko cha Nani? Ucheshi, Utani na Dhima ya Kimaadili katika Sanaa ya Lenny Henry

Wanafalsafa wa Ulaya hawakukiamini kicheko kikamilifu. Plato aliwaonya walinzi wa dola yake bora wasikipende mno. Hobbes alikiona kuwa ni fahari ya ghafla ya mtu anayejihisi kuwa bora kuliko mwenzake. Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotolewa mwaka wa 1900, aliuliza kwa nini mtu mweusi huwachekesha Wazungu. Jibu lake lilikuwa kwamba uso mweusi humjia mtazamaji kana kwamba umepakwa wino au masizi. Yamkini Bergson hakuwa na nia mbaya, lakini hakutaka kujua mwenye uso huo aliwaza nini. Swali aliloliacha ndilo linaloshughulikiwa katika makala haya: mwenye uso huo anapopanda jukwaani kwa hiari yake na kukitafuta kicheko hicho, lawama ni ya nani?

Maisha ya Lenny Henry, mchekeshaji na mtangazaji Mwingereza, yanalifanya swali hili kuwa zaidi ya zoezi la darasani. Alizaliwa mjini Dudley mwaka wa 1958 katika familia iliyohamia huko kutoka Jamaika, na mama yake aliwahimiza watoto wajichanganye na wenyeji wa mji huo. Kijana huyo aligundua mapema kwamba njia ya mkato ya kujichanganya ni kuchekesha. Mwaka wa 1975, akiwa na umri wa miaka 16, alishinda shindano la televisheni la New Faces kwa kuiga sauti za watu mashuhuri. Mara baada ya hapo aliingizwa katika maonyesho ya jukwaani ya The Black and White Minstrel Show, ambamo Wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni, wakaimba na kucheza kwa mzaha wa mtu mweusi wa kusini mwa Marekani. Shirika la BBC lilionyesha kipindi hicho kuanzia mwaka wa 1958, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa Henry, hadi 1978. Mnamo 1967 chama cha kupinga ubaguzi wa rangi kiliwasilisha malalamiko rasmi kwa shirika hilo, lakini kipindi kiliendelea kwa zaidi ya mwongo mzima.

Kwa takribani miaka mitano, basi, Henry alisimama kati ya watu waliouvaa uso wake kama vazi. Wao walikwenda kuunawa baada ya onyesho. Yeye alirudi nao nyumbani. Mizaha yake ya wakati huo ilihusu rangi yake mwenyewe, jasho lake, na wale waliotaka wahamiaji warudishwe kwao. Alijitania kabla hajataniwa. Baadaye alikiri hadharani kwamba miaka hiyo ilimtia huzuni kubwa.

Mhakiki anaweza kukimbilia kumhukumu kijana huyo kuwa msaliti, au kumtetea kwa kusema kwamba alikuwa mtoto tu aliyefungwa na mkataba. Hukumu zote mbili zina kasoro moja: zinaichunguza nia ya mchekeshaji na kuusahau uhusiano wake na hadhira. Hapa ndipo dhana ya utani, kama inavyoeleweka Afrika Mashariki, inapoweza kusaidia, kwani Bergson hakuwa na istilahi ya aina hiyo. Mzaha wa babu na mjukuu, au wa Mzaramo na Mnyamwezi, unaweza kuwa mkali kupindukia, hata matangani. Hata hivyo haumvunjii mtu heshima, kwa sababu kila upande una haki ya kujibu. Isitoshe, mtani ana wajibu: anayewakejeli wafiwa ndiye huyohuyo anayeshughulikia mazishi, naye akifiwa atatendewa vivyo hivyo. Ikiondolewa haki ya kujibu, maneno yanaweza kubaki yaleyale, lakini utani unakuwa dhihaka.

Kwa kipimo hiki, kosa la jukwaa lile halikuwa katika maneno ya Henry. Lilikuwa katika mpangilio wa ukumbi. Hadhira ilicheka, naye hakuwa na nafasi ya kuicheka. Dai kwamba mtu anayejicheka mwenyewe hadhuru mtu halitoshi, maana Henry hakujicheka peke yake. Kila mtoto mweusi aliyekwenda shuleni siku iliyofuata alikuta mzaha huo umemtangulia darasani, naye hakuwa ametia saini mkataba wowote.

Mabadiliko yaliyofuata katika miaka ya 1980 yana maana katika muktadha huu. Delbert Wilkins, mhusika wake maarufu, ni kijana wa Brixton anayeendesha kituo cha redio kisicho na leseni. Ni mwenye majigambo na mwongo kidogo, na anachekesha sana. Lakini polisi nao wanachekwa, na kijana mweusi anayetazama anajua mambo ambayo Mzungu aliye kando yake hayajui. Nusu ya kicheko imebadilisha mwenyewe. (Si kila mhusika wa Henry alifikia kiwango hiki, baadhi walibaki vikaragosi.)

Mwaka wa 2009 Henry aliigiza Othello mjini Leeds, na baadaye London. Ikumbukwe kwamba mwaka wa 1964, wakati waimbaji wenye nyuso za rangi walipokuwa wakiijaza televisheni, Laurence Olivier aliigiza nafasi hiyohiyo akiwa amejipaka weusi, tena katika jumba tukufu la sanaa ya taifa. Katika tamthilia hiyo mcheshi ni Iago: ndiye anayezungumza na hadhira pembeni na kuifanya ishiriki hila zake. Othello ndiye asiyejua kwamba anachekwa. Mchekeshaji aliyewahi kusimama mahali pa Othello bila kujua sasa alipasimamia akijua kila kitu.

Suala gumu zaidi, hata hivyo, ni Comic Relief, harakati aliyoianzisha mwaka wa 1985 pamoja na mwandishi Richard Curtis kufuatia njaa ya Ethiopia. Hadi kufikia mwaka wa 2015 ilikuwa imechangisha zaidi ya pauni bilioni moja. Zimejenga na kuponya, na mhakiki anayezidharau akiwa ameshiba anajidanganya. Tena, harakati hii inaunganisha kicheko na msaada, jambo ambalo mtani yeyote angelitambua. Lakini mtani husaidia leo kwa kuwa kesho atasaidiwa. Katika usiku wa pua nyekundu, Mwingereza huvaa pua, hucheka, kisha huonyeshwa mtoto wa Kiafrika aliye kimya, na hapo kicheko husimamishwa ili machozi yapite. Mwafrika huyo hapewi nafasi ya kumcheka mfadhili.

Mwaka wa 2011 Henry alikaa Kibera, Nairobi, kwa siku chache pamoja na watu mashuhuri wengine watatu, kamera zikimfuata. Alipokutana na watoto yatima walioishi katika chumba kilichopakana na choo, alivunjika moyo, akahakikisha wamepata makao bora. Tendo hilo lilikuwa jema. Vilevile lilikuwa onyesho, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema, huku nyuso za wengine zikitumika. Kibera ina wacheshi wake, na hapana shaka walimsimanga mgeni huyu alipopita na bega lake pana na msururu wa mafundi mitambo. Simango hizo hazikufika London.

Mnamo mwaka wa 2020 Comic Relief ilitangaza kwamba itaacha kuwatuma watu mashuhuri kwenda Afrika, na kwamba filamu zake zitatengenezwa na wasanii wa huko. Kamera ilibadilisha mikono. Jukwaa la studio ni jambo jingine: Machi 2024, Henry alipoaga uendeshaji wa kipindi hicho, wenzake waliokiendesha pamoja naye walikuwa Waingereza.