Jina la Bia ni Ahadi

Je, kitu kinaweza kuwa kizuri na bado kikastahili kushindwa? Swali hili lilinijia nilipokuwa nasoma, kwa udadisi tu, mwongozo wa mashindano ya bia zinazopikwa nyumbani nchini Marekani. Huko, mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyomruhusu mtu kupika bia yake nyumbani bila kulipa kodi. Leo wapishi hao hupeleka chupa zisizo na nembo kwenye mashindano. Jaji hamjui mpishi. Anajua mambo mawili tu: kilichomo kwenye glasi, na jina la mtindo alioandika mpishi.

Mwongozo niliousoma ni wa BJCP, chama cha majaji wa bia kilichoanzishwa mwaka 1985. Alama ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi bia inavyohisiwa mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Hizo 10 za mwisho ndizo zilizo karibu na swali la mnywaji wa kawaida, yaani imekupendeza? Kwingine kote bia hulinganishwa na mtindo iliyotajwa nao. Kwa hiyo bia inayopendeza kweli huweza kushindwa kwa kuwa imeingia kwa jina lisilo lake.

Mwenzangu mmoja wa darasani aliona huo ni upuuzi. Kwake, pombe nzuri ni ile inayokwisha mtungini kwanza. Mimi sikubali. Aristotle alipotaka kueleza wema wa kitu alianza na kazi yake: mpiga zeze mzuri ni yule anayepiga zeze vizuri. Mtu akitangaza kwamba atapiga zeze, kisha akapiga ngoma hadi tukalia machozi, bado hajatupa alichoahidi. Jina ni ahadi, na jaji hupima kama ahadi imetimizwa.

Lakini kuna kesi ngumu zaidi. Mwongozo wa mwaka 2021 unatofautisha eli hafifu ya Kimarekani na eli ya rangi ya kaharabu. Ukali wa kilevi ni uleule, asilimia 4.5 hadi 6.2. Kwenye kipimo cha rangi, ya kwanza ni 5 hadi 10, ya pili 10 hadi 17. Sasa mpishi amekusudia eli hafifu, akazidisha kimea cheusi, bia ikatoka nyekundu. Wazoefu humshauri aionje kwanza, kisha aiandike jinsi ilivyotoka, si jinsi alivyokusudia. Akishinda, je, amedanganya?

Wanaomfuata Kant wataniuliza kuhusu nia. Nadhani hajadanganya, kwa sababu ahadi ilihusu glasi, si historia ya sufuria. Uongo utaanza pale atakapoinua medali na kusema ndivyo alivyotaka tangu mwanzo.

Kwetu magharibi mwa Uganda mambo yamegeuka. Shangazi yangu hupika tonto: ndizi hukanyagwa kwa miguu pamoja na majani, maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha huachwa ichachuke ndani ya mtumbwi wa mti. Hakuna anayeuliza ni mtindo gani. Wanauliza nani kapika. Akiuza mbovu, Jumapili atakutana na walioinywa. Nafikiri ndiyo sababu Wamarekani wanahitaji mwongozo: ni wageni wanaopimana, na wageni hawawezi kuoneana haya. Nilipomweleza Shangazi habari ya alama 3 za mwonekano, aliuliza, "Mwanangu, kwani hao hawanywei kibuyu?"

Na tonto yake ikipelekwa huko? Katika bia za kihistoria nilikuta sahti ya Ufini. Tonto sikuiona. Ingebidi iandikwe kwenye kundi hilohilo la bia za kihistoria, ambalo hupokea pia bia za kienyeji. Kuita historia kitu kinachonywewa hadi leo ni jina la uongo, na safari hii mwongo si mpishi bali ni fomu.

Tuiandikie basi mtindo wake? Hapo nasita. Tonto ya siku ya kwanza ni tamu, ya siku ya tatu ni kali, na kila kilima kina kipimo chake cha mtama. Atakayeandika mpaka wa uchachu atakuwa ameifanya pombe ya kilima cha pili kuwa na kasoro, ingawa jana haikuwa nayo. Hata hivyo ningependa iandikwe, kwa sharti moja: kalamu washike wanaokanyaga ndizi, na kwenye nafasi ya siku za kuchachuka waandike zaidi ya jibu moja.