Pini Moja, Wezi Wangapi?

Ukinunua kitu kidogo kwa mtu ambaye hataki kusema amekitoa wapi, umenunua au umepokea mali ya wizi? Swali hili limenikaa kooni tangu masika, ndugu msomaji, na chanzo chake ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole changu cha mwisho: pini ya kukazia mkono wa pedeli ya baiskeli.

Wale mnaotembelea magari mtaniwia radhi, itabidi niieleze. Kwenye baiskeli zetu hizi nyeusi za mtindo wa kizamani, Raleigh, Hero, Phoenix na ndugu zao, mkono wa pedeli una tundu, na ekseli inayopita katikati ya fremu imechongwa mahali pamoja pakawa bapa. Pini hupita kwenye lile tundu, upande wake uliochongwa mshazari ukabana kwenye ule ubapa, na nati ndogo ikakaza mwishoni. Basi. Uzito wa mtu, mzigo wake na kilima chake vyote vinapita hapo. Pini ni chuma laini, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayoumia kwanza. Ikianza kulika, mkono unacheza, na kila mzunguko unasikia ko, ko, ko. Ukijifanya husikii, utakula na tundu la mkono wenyewe, na hapo homa imeshakuwa kifua kikuu.

Sasa nenda kaitafute. Hapa kwetu Tanga, mji wa tambarare ambao baiskeli ni miguu ya watu, ungedhani zinauzwa kama karanga. Nilizunguka Ngamiani barabara baada ya barabara. Duka la kwanza zipo, lakini za milimita 9; ekseli yetu inataka 9.5. Nusu milimita, bwana! Ile nyembamba utaikaza leo na kesho imelegea. Mwenye nene kuliko tundu anaweza kuichonga kwa tupa, ila kuchonga nako kunataka jicho: ukikosea ule mshazari, pedeli moja itatazama Pemba na nyingine itatazama Usambara. Duka la pili hawauzi pini, wanauza seti: mikono miwili, gurudumu la meno, ekseli na vikombe vya gololi, vyote ndani ya mfuko mmoja uliopigwa stepla. Nikamwomba muuzaji aufungue. Akanitazama kama mtu aliyeombwa avunje yai auze kiini peke yake. Duka la tatu walishahamia kwenye spea za bodaboda, na za baiskeli zilizobaki zimesukumwa nyuma ya makopo ya oili.

Tusidhani tabia hii ya kumfunga mtu kwa kitu kidogo ilizaliwa Ngamiani. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi za skrubu, yaani ile mikato ambamo nati huzungukia, zifuate kipimo kimoja, ili nati ya karakana hii ikubaliane na bolti ya karakana ile. Wengine wanalisoma jambo hilo kama ufundi; mimi nalisoma kama adabu, maana ni kumwambia mnunuzi kwamba baada ya kulipa yuko huru kwenda kwa fundi amtakaye. Lakini kampuni ya Raleigh ya Nottingham ikakata hesi za vikombe vyake vya gololi za katikati kwa kipimo cha 26 kwa inchi, wakati wenzake wengi wa Uingereza walikata 24. Tofauti huioni kwa macho, ila kikombe cha mwingine hakiingii. Baiskeli ni yako, lakini kikikatika kitu bado unapiga hodi kwao.

Na kichekesho ni kwamba waliotuokoa sisi ni waigaji. India na China walitengeneza baiskeli kwa mtindo uleule wa Kiingereza, nyingi sana, hata spea zake zikafika kwenye magenge ya vijijini. Shuleni tulifundishwa kwamba kuiga ni dhambi ya mwandishi. Sawa. Lakini baiskeli ya babu inatengenezeka hadi leo kwa sababu iliigwa, wakati ile ya mtumba kutoka Japani, nzuri, nyepesi, yenye gia zilizofichwa ndani ya gurudumu la nyuma, ikivunjika kijispringi kimoja huko ndani inageuka pambo la ukutani. Hakuna aliyeiiga.

Nirudi kwenye pini. Baiskeli ninayoisema si yangu, ni ya kaka. Kaka ni mchuuzi wa samaki. Alfajiri yuko mnadani, saa mbili yuko Mabawa, na ikifika saa nne, jua la kwetu mnalijua, samaki ambaye hajapata mnunuzi ameanza kujitangaza mwenyewe. Siku ya tatu ya ko, ko, ko mkono ukafyatuka kabisa. Tuko kwa fundi wetu chini ya mwarobaini, ndoo ya samaki imefunikwa gunia bichi, mara akaja kijana mmoja ambaye hukaa kwenye kile kijiwe bila kazi inayojulikana. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pini. 9.5. Grisi nyeusi bado iko juu yake.

Nikamwuliza, "Umeitoa wapi, mshikaji?"

Akasema, "Kwani unataka kuioa hata uulize ukoo wake?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Kaka akalipa, fundi akagonga nyundo mara tatu, na nusu saa baadaye samaki walikuwa Mabawa.

Jioni tukabishana. Kaka ana hoja, na mimi simdharau. Alisema, "Mdogo wangu, wewe unakula kwa kuandika, samaki wangu hawasubiri sura ya pili." (Kula kwa kuandika! Angejua.) Akasema tena: pini haina jina, nani atasema ni yake? Hapo ndipo aliponishika, lakini pia ndipo alipojifunga. Kweli, pini haina jina. Fremu ina namba iliyogongwa kwenye chuma, ina rangi, ina mkwaruzo ambao mwenyewe anaujua kama kovu la mwanawe. Ndiyo maana baiskeli ikiibwa usiku, asubuhi imeshachinjwa: fremu inatupwa au inapakwa rangi, na vilivyobaki vinatembea mifukoni kimoja kimoja. Vitu vikubwa vina karatasi na mashahidi. Kwa kitu kidogo shahidi ni mdomo tu, na mdomo ukikataa kusema, jibu tumeshalipata. Kaka hakulipia pini pekee. Alilipia pia kutojua, na vyote viwili alivipata kwa bei nafuu.

Wapo watakaosema namwonea mchuuzi huku nikimwacha mwenye kiwanda. Simwachi. Mimi lawama naigawa kwa nafasi aliyokuwa nayo kila mtu. Mwenye kiwanda aliamua akiwa amekaa kitini, hakuna samaki wanaomwozea. Angeweza kutia pini mbili za akiba ndani ya kila mfuko na asifilisike. Mwenye duka nafasi yake ni finyu zaidi. Boksi la pini za vipimo vyote ni hela iliyolala rafuni, faida ya pini moja haimnunulii hata chai, na akiufungua ule mfuko wa seti, mikono iliyobaki atamuuzia nani? Namwelewa. Ila kuna siku nilimwona akimcheka mzee aliyeomba gololi nne tu, na kile kicheko hakikuwa hesabu ya biashara. Kaka alikuwa na nafasi ya dakika ishirini. Ni ndogo kuliko zote, lakini ipo, na kuuliza swali moja hakuozeshi samaki.

Wazungu wameanza kuliona hili kwa upande wa viwanda. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwabana watengenezaji wa vitu kama mashine za kufulia na simu wavitengeneze vikiharibika, na wakiuza spea waziuze kwa bei isiyomkimbiza mtu. Baiskeli za umeme zimeingia humo kwa ajili ya betri zake. Hii ya kukanyaga kwa miguu haikutajwa. Pengine walidhani haina kitu cha kukosekana.

Lakini kinachoninyima usingizi si kiwanda, ni yule mtu wa nne ambaye hakuwepo chini ya mwarobaini. Tuseme pini ile ilitoka kwenye baiskeli ya mtu, na mimi sioni ilikotoka kwingine. Mtu huyo aliamka akaikuta haipo. Akiipata ikiwa mifupa, naye atatafuta mikono, kiti, gololi, pini. Atazunguka maduka yaleyale, ataambiwa seti, na mwishoni atakaa kwenye benchi la fundi mwingine, mtaa mwingine, akisubiri mkono uingie mfukoni. Pini ya wizi kila inapouzwa inazaa mnunuzi mpya wa pini ya wizi. Kaka anasema angekataa yeye, angenunua mwingine. Huenda. Ila mwingine huyo naye anasema hivyohivyo juu ya kaka.

Fundi wetu ana kopo la maziwa ya unga limejaa vyuma vidogo, na kila kimoja anajua kilitoka wapi: hii nati ilikuwa ya baiskeli ya mwalimu aliyehama, hii spoki ni ya mama fulani, mumewe alipofariki akaleta mabaki yote mwenyewe. Hajawahi kunificha asili ya kitu. Kwa hiyo nilimwuliza kwa nini siku ile alinyamaza, akapokea pini bila neno, akagonga. Aliendelea kupangusa mikono kwa kitambaa chake muda mrefu.

"Mwanangu, ningesema nini," akanijibu, "na mimi pini sina?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwamba ukikosekana uchuma wa nusu shubiri, mtu mwaminifu wa miaka arobaini kwenye kazi anapoteza na haki ya kukemea. Kopo lake likiwa tupu, na sauti yake imeisha. Tangu hapo nimeacha kubishana na kaka na kuanza kuhesabu: boksi moja la 9.5 likiagizwa Dar es Salaam kwa jumla, likigawanywa kwa mafundi watatu wa mtaa huu, kila mmoja atoe kiasi gani. Tumeshachanga nusu. Kaka ametoa hela ya samaki wa siku moja, hakusema ni kwa ajili gani, na mimi sikumwuliza.

Yule kijana amepita kijiweni mara mbili wiki hii. Alikaa kwenye benchi, akaangalia fundi akiziba pancha, mikono mfukoni.