Ladha ya Sikio

Wahenga walinena kwamba kipendacho moyo ni dawa. Maneno haya ni kweli kwa mpendaji. Lakini je, yatosha kuwa ushahidi wa ubora wa kitu kinachopendwa? Tulitazame swali hili kwa mfano wa kikuza sauti, ambacho wengi hukiita amplifaya: chombo kipokeacho umeme hafifu kutoka katika santuri au redio, kikautia nguvu za kuvumisha spika hata nyumba ikajaa muziki.

Kazi ya chombo hiki ni ya tarishi: kufikisha ujumbe bila kuongeza wala kupunguza. Walakini wapo wasikilizaji wapendao vikuza sauti vya valvu za kioo kuliko vya transista, kifaa kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947. Husema kuwa sauti ya valvu ni nene na tamu. Hawasemi uongo. Vingi vya vyombo hivyo huongeza juu ya kila sauti sauti nyingine ndogo yenye mitetemo maradufu, nayo hupatana na ya kwanza kama sauti ya mtoto ipatanavyo na ya baba yake katika wimbo mmoja. Sikio hufurahi, lakini sauti hiyo ya pili mwimbaji hakuiimba. Imetiwa njiani na tarishi.

Je, mpenda valvu alaumiwe? La. Atiaye sukari katika chai hana kosa. Kosa huanza anapodai kuwa majani ya chai huchumwa yakiwa matamu. "Napenda" ni neno la moyo, halina mshitaki. "Ni bora" ni neno la hukumu, halina budi kupimwa.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kwanza vyombo visawazishwe kwa ukubwa wa sauti, maana kilicho na sauti kubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora. Kisha msikilizaji afichwe jina na bei. Mwaka 1987 gazeti la Marekani liitwalo Stereo Review lilichapa habari za jaribio la namna hii. Wasikilizaji 25 walisikilizishwa vikuza sauti vyenye bei ya dola mia mbili na kitu hadi dola 12,000. Kwa jumla majibu yao hayakupita ya mtu anayebahatisha. Bei ilipofichwa, tofauti nayo ilifichika.

Jambo hili halihusu vyombo peke yake. Mara ngapi shauri jema limedharauliwa kwa sababu ya vazi la mshauri, na upuuzi ukapigiwa makofi kwa sababu ya cheo cha msemaji? Kijana na apende apendalo bila haya. Lakini kabla ya kuhukumu ajiulize kama lililosikia ni sikio lake au ni jicho.